Maporomoko ya Isiukhu bila mwongozaji: panga safari kuanzia saa ya kugeuka

Maporomoko ya Isiukhu yako ndani ya Msitu wa Kakamega, Kenya, kilomita kama 50 kaskazini mwa Kisumu. Anayetokea Mwanza ajipe siku nzima barabarani kupitia Bunda, Tarime na mpaka wa Sirari, alale Kisumu au Kakamega mjini, kisha aingie msituni kesho yake akiwa amepumzika. Huu ni msitu wa mvua wa jamii ile ile ya Kongo, na hauna tembo wala simba. Ndiyo maana mtu mwenye mpango mzuri anaweza kutembea mwenyewe. Maporomoko yenyewe ni madogo. Anayefuata ukuta wa maji wa kutisha atanuna. Raha ya safari hii iko njiani, kwa mbega na ndege.

1. Mwezi na upande wa kuingilia

Nenda Desemba hadi Februari. Watu wa Mwanza hukosea hapa, kwa sababu kwetu Juni hadi Agosti ni kiangazi, basi wanadhani na Kakamega ni hivyo. Sivyo. Mvua kubwa ya kule huanza Machi au Aprili, na Agosti na Septemba hunyesha tena vizuri tu.

Msitu una milango miwili ambayo watu huichanganya. Isecheno, kusini, iko chini ya huduma ya misitu (KFS). Buyangu, kaskazini, ni hifadhi ya taifa chini ya huduma ya wanyamapori (KWS). Kwa Isiukhu, ingilia Buyangu. Panda matatu ya kuelekea Webuye au Kitale kutoka Kakamega mjini, shuka kwenye kibao cha hifadhi baada ya kilomita kama 18, kisha tembea kilomita 2 hadi ofisini. Kuna banda za kulala na uwanja wa mahema. Chakula nunua mjini.

2. Karatasi na malipo

Mtanzania abebe pasipoti au hati ya dharura ya safari, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kiingilio cha KWS hakilipwi kwa noti: hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa serikali ya Kenya wa huduma na malipo, kwa kadi au M-Pesa ya Kenya. Usitegemee M-Pesa ya laini ya Tanzania. Maliza malipo ukiwa mjini penye mtandao, na ufike na risiti kwenye simu.

3. Hesabu ya saa

Hii ndiyo kazi yenyewe; mengine yote yanaifuata. Mvua ya Kakamega hupenda kuanza mchana, mara nyingi kuanzia saa 8 au 9, upepo wa ziwa unapokutana na ule wa mashariki. Kwa hiyo lengo ni kuwa nje ya msitu saa 8 mchana. Usihesabu kutoka saa ya kuondoka kwenda mbele. Anzia saa 8 uhesabu kurudi nyuma.

Pima urefu wa njia kwenye ramani ya simu, kisha tumia viwango hivi: kilomita 2.5 kwa saa kwenye njia ya msitu yenye mizizi na tope (si kilomita 5 za barabarani), dakika 10 za ziada kwa kila mita 100 za kupanda, na mapumziko ya dakika 10 kila saa.

Mfano, njia ya kilomita 4 kwenda na 4 kurudi, yenye mita 200 za kupanda. Mwendo wa upande mmoja ni saa moja na dakika 36. Kwenda, pamoja na mapumziko, ni kama saa moja na dakika 50. Kurudi si sawa na kwenda: mto uko bondeni, kwa hiyo unateremka ukiwa na nguvu na kupanda ukiwa umechoka. Aliyezoea kupanda vilima vya mawe vya Mwanza amezoea kinyume chake, ndiyo maana hujidanganya. Weka zile dakika 20 za kupanda zote upande wa kurudi: pamoja na mapumziko, saa mbili na robo. Ongeza dakika 45 za akiba, ambazo si za kupiga picha. Jumla saa 3. Toa kwenye saa 8 mchana: saa ya kugeuka, yaani ya kuanza kurudi, ni saa 5 asubuhi.

Ukianza saa 1 asubuhi utafika kabla ya saa 3, nawe utakuwa na muda wa kukaa bila presha. Ukichelewa kuanza na saa 5 ikukute njiani, geuka hapo hapo, hata kama unasikia maji. Sauti ya maporomoko msituni husikika karibu kuliko ilivyo.

Jua huchwa kati ya saa 12:30 na saa 1 jioni, lakini chini ya miti mikubwa giza hutangulia, na karibu na ikweta mwanga wa jioni baada ya jua kuchwa hudumu dakika kama 20 tu.

4. Ramani

Pakua ramani ya Kenya kwenye programu ya simu ya Organic Maps au OsmAnd kabla ya safari. GPS ya simu hufanya kazi bila mtandao, ila chini ya majani mazito hupotoka makumi ya mita. Usibishane na njia unayoiona kwa sababu ya kidoti cha ramani. Washa kurekodi njia tangu langoni, weka simu hali ya ndege. Kwenye kila njia panda simama, geuka nyuma, utazame kwa sekunde kumi: njia ya kurudi haifanani na ile uliyojia. Ukitaka alama, panga vijiti vitatu chini. Usichane gome la mti.

5. Begi

Maji lita 2 kwa kila mtu, kwenye chupa ya chuma au ngumu ya kujaza tena. Tangu Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja ndani ya hifadhi, na chupa za maji ya dukani zimo. Mfuko wa nailoni nao ulishakatazwa. Simu na kiberiti viweke kwenye kopo la chakula lenye mfuniko wa kubana.

Viatu viwe vya kufunga kamba, vyenye meno. Gambuti huteleza kwenye mawe na hujaa maji. Suruali ndefu na soksi ndefu juu yake, kwa ajili ya siafu. Ukikuta msafara wao, vuka mbio. Ukisimama kuwakung'uta, wengine wanapanda. Ongeza tochi, filimbi, koti la mvua, bendeji pana mbili, dawa ya mbu na nguo moja kavu, maana uko mita 400 hivi juu ya usawa wa ziwa na ukiloa utatetemeka. Chakula: chapati, karanga, viazi vitamu vya kuchemsha. Ndizi fungia ndani ya begi. Nyani wa pale wanajua zipu.

6. Mtoni

Jiwe la kijivu kavu linakanyagika. Lenye weusi au ukijani unaong'aa liache, hata kama ni kubwa na bapa, na usisimame kabisa ukingoni juu ya maporomoko. Kwenye gogo lililolala, panda juu yake kwanza, chungulia upande wa pili, ndipo ushuke: humu kuna nyoka wa jamii ya bafe anayefanana kabisa na majani makavu.

Mvua ikinyesha mashariki, upande wa Nandi, mto hupanda huku kwako jua linawaka. Dalili ni maji kuwa kahawia ghafla, majani na vijiti kuelea kwa wingi, na mvumo kuwa mzito. Ukiona mojawapo, panda mteremko moja kwa moja kuupa mto mgongo; usikimbie kufuata ukingo. Kuogelea kwenye vidimbwi vilivyotulia pia acha. Watu wa ziwa hawahitaji kufundishwa habari za kichocho.

7. Mambo yakiharibika

Ukipotea, rudi hadi njia panda ya mwisho uliyoitambua. Kufuata mto kuteremka husikika busara, lakini kingo ndizo penye utelezi na makorongo. Ukishindwa, kaa mahali pamoja na upulize filimbi mara tatu, tulia, rudia.

Aliyeumwa na nyoka alale, kiungo kisichezeshwe, pete na saa zivuliwe kabla ya uvimbe. Usikate, usinyonye, usifunge kamba. Piga 999 au 112, au namba ya ofisi ya Buyangu uliyoiandika asubuhi. Hospitali kubwa ya rufaa iko Kakamega mjini.

Na kabla ya kuondoka, mwachie mlinzi wa lango majina yenu, njia mnayopita na saa 8 kama saa ya kutoka, na umuulize kama njia ya mtoni iko wazi siku hiyo. Mkitoka, mpitie tena kumwambia, la sivyo atatuma watu kuwatafuta wakati nyinyi mko kwenye matatu.