SOMO: Kupima sumu ya dawa kwa seli za ini za HepG2 (soma kabla ya kuuliza)

Wiki hii nimeulizwa mara nne, "mbona seli zangu hazifi?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Kwanza ujue unafuga nini. HepG2 zilitoka kwenye uvimbe wa ini wa kijana wa Argentina wa miaka 15. Ni seli za saratani, zinazaliana bila kudeka, ila vimeng'enya vyake vya saitokromu P450, vile vinavyochakata dawa, ni hafifu mno ukizilinganisha na ini lenyewe. Dawa ambayo sumu yake huzaliwa baada ya ini kuichakata inaweza kupita hapo bila kuacha alama. Nusu ya maswali yenu jibu lake ni hilo.

1. Gandua seli kwenye chombo kwa tripsini (kimeng'enya), hesabu kwa tripani bluu (rangi inayoingia seli zilizokufa tu). Zilizo hai zikiwa chini ya asilimia 90, acha. HepG2 hupenda kushikana vishada. Zivute na kuzisukuma kwa pipeti taratibu mpaka ziachane.

2. Panda seli 10,000 kwa kila kisima (kitundu cha pleti), pleti ya visima 96. Visima 36 vya pembeni tia maji safi tu, maana hukauka mapema na vitakudanganya.

3. Inkubeta, nyuzi 37, CO2 asilimia 5, saa 24.

4. Weka dawa. DMSO, kiyeyushi cha dawa, isizidi asilimia 0.5 kwenye kisima. Mimi sivuki 0.1. Kiwango kiwe kilekile kila mahali, hata kwenye visima visivyo na dawa. Acha saa 24 au 48.

5. MTT. Hapa tulieni.

MTT ni rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza fuwele za zambarau. Zambarau ikikolea, tunasema seli nyingi ziko hai. Mimi nilikuwa napima dondoo la majani. Kila nikipandisha dozi, zambarau inazidi. Dozi ya juu kabisa ikawa nyeusi tititi. Nikachora grafu, nikaandika kwamba dondoo linakinga ini. Msimamizi wangu akauliza neno moja tu: "Bila seli inakuwaje?" Nikajaribu. Kisima kisicho na seli, dondoo na MTT: zambarau ndani ya dakika chache, yaani dondoo lenyewe ndilo lilikuwa linaigeuza MTT. Nikarudi kwenye hadubini, na seli za dozi ya juu zilikuwa zimejikunja viduara, zinaelea. Zilishakufa. Wiki tatu za kazi zikaenda na maji.

Kwa hiyo: weka visima vyenye dawa na MTT lakini bila seli, KILA MARA. Mimea yenye polifenoli na vitamini C ndiyo mabingwa wa uongo huu. Ondoa dawa, suuza, ndipo utie MTT. Tazama seli kwa hadubini kabla, usiiachie mashine peke yake. Na unapoondoa majimaji, inamisha pleti, ncha ya pipeti iguse ukuta. Ukifyonza katikati unaondoka na seli na fuwele zake, kisha unasema dawa imeua.

6. Baada ya saa 3 ondoa majimaji, yeyusha fuwele kwa DMSO, soma ukolezi wa rangi kwa mashine, nanomita 570.

7. Toa thamani ya visima visivyo na seli, gawa kwa visima visivyo na dawa.

MASWALI

Pipeti_Mvivu: Mkuu, nimeweka parasetamoli mikromola 100, seli zinadunda tu. Si inaua ini hii?

Mwandishi: Umesoma aya ya pili?

Kisima_B7: Dawa yangu haiyeyuki, nikatumia DMSO asilimia 5. Zimekufa zote hata dozi ndogo. Naona somo lina walakini.

Mwandishi: Visima vyako vya DMSO peke yake vilisomaje?

Kisima_B7: Sikuweka.

Mwandishi: Basi umepima DMSO. Walakini usiutafute kwenye somo.

Binti_Hadubini: Mwalimu, dawa yangu inajulikana kuharibu mitokondria (vinu vya nishati vya seli), lakini HepG2 hazikujali. Nimetazama midia (majimaji ya kulishia seli), ina glukosi milimola 25. Sukari ndiyo inaziokoa?

Mwandishi: Ndiyo, dada, umeona mbali. Seli hizi zikishiba glukosi hupata nishati kwa kuivunja sukari bila kuitegemea mitokondria, kwa hiyo ukiizima hazishtuki. Badilisha glukosi kwa galaktosi, milimola 10. Njia hiyo ya mkato haizitoshi tena, zinalazimika kuitumia mitokondria. Pima midia zote mbili pamoja: zikifa mapema zaidi kwenye galaktosi, umempata mshukiwa. Zitakua polepole, usiogope.

Binti_Hadubini: Na dawa inayohitaji kuchakatwa kwanza?

Mwandishi: Tafuta HepaRG, seli nyingine za ini za maabara. Vimeng'enya vyake ni vizuri zaidi, ila zinataka subira: wiki mbili za kukua, wiki mbili nyingine kwenye DMSO asilimia 2 ili zikomae. Seli zilizotolewa moja kwa moja kwenye ini la binadamu ni bora, lakini zikilazwa kwenye plastiki tupu hupoteza vimeng'enya ndani ya siku chache. Wengine huzifunika kolajeni juu na chini, au huzikuza kama vitufe.

Kisima_B7: Asilimia 2! Si umenikataza?

Mwandishi: Swali zuri, hilo nakubali. HepaRG zimezoeshwa wiki mbili nzima, na visima vya kulinganishia navyo vinayo ileile.

Mzee_wa_Inkubeta: Niongeze. Ukishapanda, iache pleti mezani dakika 20 kabla ya inkubeta, seli zitatua sawasawa. Na pimeni mikoplazma, bakteria wadogo mno wanaochafua seli. Hadubini ya kawaida haiwaonyeshi, lakini namba za MTT huwa wanazichezea.

Pipeti_Mvivu: Nimesoma aya ya pili. Niweke ngapi sasa?

Mwandishi: Milimola, si mikromola. Panda kutoka 1 hadi 30. Iyeyushe kwenye midia yenyewe kwa kuipasha joto. DMSO iache kabisa, maana huzuia kimeng'enya kilekile kinachoigeuza parasetamoli kuwa sumu.

Pipeti_Mvivu: Na visima visivyo na seli?

Mwandishi: Vitatu kwa kila dozi.