Mgonjwa wa pumu akija thieta, unamlazaje usingizi salama

Wakuu habari za kazi. Huku Tabora kipindi cha kukausha tumbaku watu wanatoka kwenye mabani vifua vinalia filimbi, halafu ngiri inataka kufanyiwa upasuaji na mtu wa nusu kaputi ni wewe.

Kwanza maswali. Usimuulize "una pumu?", atakataa mpaka aape. Muulize usiku kifua kinabana? Akimeza dawa ya maumivu ya diklofenaki anabanwa? Alishawahi kuwekewa oksijeni? Halafu sikiliza kifua mwenyewe, usisome faili tu. Ukisikia filimbi, au ametoka kuugua mafua na kazi sio dharura, mrudishe nyumbani, mafua ngoja wiki 4 hadi 6, daktari wa upasuaji akinuna anune.

Pili, dakika 20 hadi 30 kabla mpe salbutamo, dawa ya kufungua kifua, mipulizo 4 ya inhela. Hamna spesa, kile chombo cha kuvutia dawa ya inhela? Chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako saizi ya mdomo wa inhela, yeye anabana mdomo wa chupa kwa midomo yake anavuta taratibu, pulizo moja moja sio zote kwa mkupuo. Kama yuko kwenye vidonge vya prednisoloni muda mrefu ongeza haidrokotisoni, ya jamii hiyohiyo, miligramu 100 mshipani.

Kazi ikiwa chini ya kitovu piga ganzi ya mgongo, koo huligusi kabisa. Ikishindikana mlaze kwa ketamini miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, inafungua kifua ila mate yanajaa, atropini ya kukausha mate iwe karibu. Gesi za usingizi, halotheini na aisoflureini, nazo zinafungua. Hatari yenyewe ni kuingiza bomba la hewa kooni mtu hajazama usingizini. Mi ilishanikuta, mfuko wa kumpulizia hewa ukawa mgumu kama mpira uliojazwa upepo, jasho lilinitoka mpaka kwenye buti.

MASWALI

Mkuu, mfuko ukigoma hivyo unaanzia wapi?
– Ita mtu, oksijeni asilimia 100, ongeza usingizi. Halafu kagua bomba, limekunja? limeingia pafu la kulia? makohozi? maana sio kila mfuko mgumu ni pumu. Salbutamo pitishia humohumo kwenye bomba, magineziamu gramu 2 kwa dakika 20, ikigoma adrenalini iliyozimuliwa vizuri, kidogokidogo mikrogramu 10 kwa 10. Na usibonyeze harakaharaka, hewa ipate muda wa kutoka. Filimbi ikinyamaza na mfuko bado mgumu usishangilie, hapo hewa haipiti.

Dokta, maumivu baada ya hapo?
– Parasetamo. Diklofenaki labda kama alishaitumia na haikumsumbua.

Chupa ya soda inafaa kaka?
– Ya plastiki yoyote, ila ioshe. Juzi mtu kaniletea iliyokuwa na asali, inhela ikanata.