Kutengeneza Dizeli ya Mbono: Pima Asidi Kabla ya Kuchanganya

Wiki iliyopita nilimsaidia jirani yangu hapa Kasulu, ambaye mafuta yake ya mbono (jatropha) yalikuwa yamegeuka sabuni mara mbili mfululizo. Mbegu alizichuma kwenye ua wa shamba lake, akaziweka katika magunia juu ya sakafu ya udongo msimu wote wa mvua, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Hatua ya 1. Kamua mbegu zilizokauka, kisha chuja mafuta kwa kitambaa kizito. Mashudu yana sumu, hivyo yageuze mbolea na usilishe mifugo.

Hatua ya 2. Pasha mafuta hadi nyuzi 110 mpaka mapovu ya maji yakome, uyaache yapoe.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Mbegu zilizopata unyevu hutoa mafuta yenye asidi nyingi, na asidi hiyo hukila kichocheo (potasiamu haidroksaidi, inayosaidia mafuta kugeuka dizeli) na kufanya sabuni. Yeyusha gramu 1 ya potasiamu haidroksaidi katika lita 1 ya maji yaliyokenekwa. Changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 10 za alkoholi ya isopropili, tia matone mawili ya fenolfthaleini (dawa ya kuonyesha rangi), kisha dondoshea maji yale ya potasiamu kwa bomba la sindano huku ukitikisa, mpaka rangi ya waridi idumu. Alkoholi nayo huweza kuwa na asidi, kwa hiyo ipime kwanza peke yake utoe kiasi hicho. Rudia mara tatu, maana kipimo kimoja hakiaminiki. Mililita ulizotumia ndizo gramu za kichocheo za kuongeza juu ya gramu 7 kwa kila lita ya mafuta. Zikizidi 4, usiendelee. Mafuta ya jirani yangu yalifika 9. Tulichanganya sehemu moja ya hayo na sehemu sita za mafuta mapya yenye kipimo cha 2, kikashuka hadi 3. Sodiamu haidroksaidi nayo hufaa kuwa kichocheo na ni rahisi kupatikana, lakini mimi huchagua ya potasiamu kwa kuwa gliserini yake (kimiminika kizito kinachojitenga na dizeli) haigandi chini ya chombo.

Hatua ya 4. Vaa glavu na miwani, ufanyie kazi nje, mbali na jiko, kwa sababu methanoli (alkoholi inayoungana na mafuta kufanya dizeli) ni sumu na moto wake ni vigumu kuuona mchana. Yeyusha kichocheo katika mililita 200 za methanoli kwa kila lita ya mafuta. Tumia chombo cha chuma cha pua, kwani sufuria zetu za alumini huliwa na potasiamu. Mimina katika mafuta yenye nyuzi 55, funika, ukoroge kwa saa moja bila kuzidisha joto. Methanoli huchemka karibu na nyuzi 65.

Hatua ya 5. Acha mpaka kesho yake, toa gliserini iliyotuama, osha dizeli kwa maji ya uvuguvugu taratibu, kisha ikaushe. Kupima kama mafuta yote yamegeuka, tia mililita 3 za dizeli katika mililita 27 za methanoli: mafuta yakituama chini, rudia hatua ya 4 kwa kiasi kidogo cha methanoli na kichocheo.