Unapenda wanyama na upo Mtwara au Lindi? Anza na kuku

Huku kwetu Kusini kuna vijana wengi wanapenda wanyama kweli kweli ila wakifikiria kazi wanaziona mbili tu, uwe daktari wa mifugo usome SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, miaka 5 au uende hifadhini ukavae magwanda, matokeo ya form four yakitoka hayajakaa vizuri basi ndoto imeishia hapo. Mdogo wangu, kazi ipo nyingine, haina ofisi na mwanzoni watu watakushangaa, ni kuwa mchanjaji wa kuku kijijini.

Mbona kuku? Nenda Tandahimba, Newala, Ruangwa, Nachingwea, ng'ombe sio wengi kama kanda ya ziwa lakini kuku wapo karibu kila nyumba, na wengi wao ni wa kina mama na mabibi. Alafu kinakuja kideri, wengine wanaita mdondo. Kuku anaanza kuzubaa, anaharisha kijani, mabawa yanalegea, shingo inapinda, siku chache banda zima limekwisha. Ni kirusi kwaiyo dawa ya kutibu hamna, mwarobaini na pilipili watu wanajaribu sana ila haviponyeshi, kinachosaidia ni kuwahi kuchanja. Na chanjo ipo, inaitwa I-2, inatengenezwa hapa hapa Tanzania na maabara ya serikali ya mifugo, TVLA. Ni tone moja tu jichoni, kifaranga na jogoo dozi ile ile, na inavumilia joto kuliko chanjo nyingi ndio maana inafaa vijiji visivyokuwa na friji.

Pa kuanzia ni kwa afisa mifugo wa kata, usianzie dukani. Mwambie unataka kujifunza kuchanja, omba uzunguke nae kwanza, umbebee deli la barafu, uandike majina, uone anavyoshika kuku. Kisha akupeleke kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji ujulikane. Hii usiiruke, kwa sababu kuna Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na kutibu wanyama ni kazi ya wenye sifa waliosajiliwa, wewe unafanya chini ya uangalizi wa afisa. Usijiite daktari, usichome sindano za antibayotiki, mtu akikubembeleza mpe namba ya afisa basi.

Kuchanja kwenyewe nenda usiku au alfajiri kuku wakiwa bado bandani, ukienda saa nne asubuhi utakimbizana nao mpaka chini ya mikorosho na nusu utawakosa. Mlaze kuku ubavu, kichwa kitulie jicho likiangalia juu, chupa uishike wima mdomo chini ili tone litoke kamili, dondosha moja, subiri apepese jicho na tone liingie, ndio umwachie. Wengi wanaharibu hapo, wanamwachia fasta anatikisa kichwa chanjo inaruka. Kama chanjo yako ni ya kuchanganya na maji usitumie maji ya bomba yenye klorini, chanjo ni kirusi hai na klorini inakiua. Jua likiwa kali funga chupa na kitambaa chenye majimaji uiweke kivulini, ukishaifungua itumie siku hiyo hiyo, na karatasi ya maelezo isome hata kama unaona umeshazoea.

Sasa jambo litakalokujenga au kukuvunja, usiingie kuchanja kwenye kijiji ambacho kuku wameshaanza kufa. Chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa na kinga inachukua kama wiki mbili kujengeka, kwaiyo kuku watakufa kesho yake na bibi wa watu atasema umemmalizia kuku wake, na hapo hata ukieleza vipi neno limeshafika kisimani. Pia viatu vyako vinaweza kubeba ugonjwa mpaka kijiji cha pili. Kila mlango sema mapema kabla hujashika kuku, hii inazuia kideri tu, ndui na minyoo ni mambo mengine.

Chanja kila baada ya miezi 3. Kwa huku napenda Februari, Mei, Agosti na Novemba. Agosti unawahi kabla joto halijakaza, Novemba watu wako kwenye korosho mchana kutwa ila usiku wapo nyumbani, na malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yameanza kuingia kwaiyo hata waliokukopa wanalipa. Ijumaa omba itangazwe msikitini, na balozi apite nyumba kwa nyumba siku moja kabla.

Hela je? Tuseme unatoza shilingi 100 kwa kuku, kijiji kina nyumba 80 na kila moja kuku 12, hiyo ni 96,000 kwa raundi kabla ya kutoa chanjo na nauli. Kijiji kimoja hakikulishi, chukua vitatu vinne vilivyo karibu karibu. Weka daftari, jina la mwenye kuku, idadi, tarehe, deni, maana ndilo litakalokukumbusha nani umrudie lini.

Mbwa wanahitaji chanjo ya kichaa lakini usiwaguse kabla wewe mwenyewe hujachanjwa, na chanjo yao inataka ubaridi muda wote, nenda tu na timu ya halmashauri.

Ukiona kazi imekukubali tafuta cheti, LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, wana kampasi Madaba mkoani Ruvuma, wanafundisha afya ya mifugo na uzalishaji, astashahada na stashahada. Masomo ya sayansi uliyofaulu kidato cha nne ndio wanayoangalia, kwaiyo kama baiolojia na kemia ziliteleza rudia mtihani huku unaendelea kuchanja, na afisa wako wa kata muulize dirisha la maombi linafunguliwa lini mwaka huu.