Kambale wa Chambo Asisafiri Akiwa Ameshiba

Wafugaji wanaowauzia vifaranga vya kambale wavuvi wa ndoano za sangara katika Ziwa Victoria wanarudia kosa moja linalowatia hasara wao na wanunuzi wao, nalo ni kuwalisha samaki hadi siku ile ile ya safari. Mfugaji huwarushia pumba na unga wa dagaa bila kipimo ili "wapate nguvu ya njiani", kisha baada ya saa chache huwajaza kwenye madumu. Hivi karibuni niliitwa mwaloni, pale ufukweni boti zinapoegeshwa, kuangalia dumu ambalo karibu samaki wote walikuwa wamekufa kabla boti haijaondoka, na mnunuzi aliamini kwamba ameuziwa samaki wagonjwa. Niliwapasua watano kwa wembe. Matumbo yote yalikuwa yametuna kwa uji wa pumba ambao haujabadilika hata rangi, na juu ya maji palikuwa na povu la kahawia lililonata vidoleni. Sikuona dalili ya ugonjwa wowote.

Samaki aliyeshiba hutumia oksijeni nyingi kuliko mwenye tumbo tupu, na akishtuliwa kwa kuvuliwa na kubebwa hutapika na kunya ndani ya maji yale yale anayoishi. Kwa kuwa kambale hupanda juu kuvuta hewa, wengi hudhani kwamba hadhuriki na maji machafu, lakini uwezo huo haumkingi na amonia, ambayo humtoka kupitia matamvua na huongezeka zaidi mavi na matapishi yanapoanza kuoza. Mvuvi akiliona povu humiminia dumu maji mapya ya ziwa, naye huona ajabu samaki wanapozidi kufa mbele ya macho yake. Sababu ni kwamba maji ya dumu lililosongamana huwa na uchachu unaotokana na pumzi za samaki, na uchachu huo hupunguza makali ya amonia. Maji ya ziwa, hasa ya mchana, hayana uchachu huo, kwa hiyo yanapochanganyika na yale machafu huigeuza amonia iliyomo kuwa sumu kali zaidi. Maji yakishachafuka kiasi hicho, usiyaongezee. Tayarisha beseni la maji safi yenye joto lile lile, wachote samaki kwa wavu, wahamishe wote kwa mara moja, na uyamwage ya zamani.

Tumbo la kambale linahitaji saa 24 nje ya bwawa ili liwe tupu, na lisipitishe saa 36. Nasisitiza nje ya bwawa, kwa sababu wapo wanaoacha kutupa chakula wakasema wamewafungisha samaki, ilhali kambale anaendelea kula wadudu na viluwiluwi usiku kucha. Ikiwa boti inaondoka Jumatano saa kumi jioni, chakula cha mwisho kitolewe Jumatatu jioni. Jumanne saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza, watoe uwaweke kwenye tenki lililo kivulini, lita 250 za maji ya bwawa lile lile kwa samaki 1,000 wenye urefu wa sentimita 8 hadi 10, na ulifunike kwa wavu kwa kuwa kambale huruka. Badilisha maji yote saa saba mchana na tena saa kumi na mbili jioni. Maji ya bomba yasitumike kabla ya kukaa wazi saa 24 ili dawa ya kusafishia maji iishe. Tangu uwatoe bwawani usitupe chakula chochote, hata kiganja kimoja, hata mteja akikuomba.

Najua jibu la wafugaji: kambale mwenye njaa humla mwenzake. Ni kweli, lakini wanaolana ni wale uliowachanganya wakubwa na wadogo, jambo ambalo lilipaswa kurekebishwa Jumanne hiyo hiyo wakati wa kuwatoa. Wapange kwa ukubwa, mrefu kuliko wote asimzidi mfupi kwa zaidi ya nusu ya urefu wa yule mfupi, na hutapoteza wengi. Kumshibisha samaki kwa kuogopa kwamba atamla mwenzake ni kuwapoteza wote wawili.

Jumatano asubuhi maji yakiwa meupe, matumbo yakiwa bapa na samaki wakitawanyika unapoingiza mkono, wako tayari.

Pakia saa tisa alasiri, si mapema zaidi. Dumu la lita 20 likatwe dirisha ubavuni, litiwe lita 10 za maji na samaki 100, basi. Dumu lililojazwa hadi shingoni na kufungwa kifuniko linamnyima kambale ile hewa ya juu anayoitegemea maji yanapoishiwa oksijeni. Lifunikwe kwa kitambaa chenye maji na likae mbali na injini.

Kipimo hiki ni cha kambale peke yake. Furu, samaki mdogo wa ziwani ambaye naye hutumiwa kama chambo, hutegemea matamvua tu, kwa hiyo anayebeba furu aweke 25 katika lita hizo hizo 10, na kwake pia chakula kikatishwe saa 24 kabla ya kupakia.