Kupiga kura ya Marekani ukiwa Kisumu, na vyama vyote viwili vimekuchosha

Kama una pasipoti mbili na unaishi upande huu wa ziwa, unaijua Novemba ya uchaguzi wa Marekani. Simu zinapigwa kutoka Minneapolis na Dallas, kila ndugu anataka kujua uko upande gani. Mimi niko upande wa mtu anayetaka serikali itoe mkono mfukoni mwangu na jicho chumbani mwangu, na upande huo hauna chama kikubwa. Mwezi huu wasichana wawili wamekuja saluni kwangu Kondele kuniuliza hupigaje kura hiyo, nami nikiwa nasuka siwezi kushika kalamu. Basi naeleza hapa mara moja.

Anza na hasira yako, lakini iandike. Kusema "wote wezi" hakutakusaidia ukiwa mbele ya karatasi ya kura. Mimi niligawa ukurasa wa daftari la wateja mara mbili. Upande wa Republican niliandika kodi ya kutuma pesa: tangu Januari 1, 2026, anayetuma pesa nje ya Marekani kwa kulipa taslimu anakatwa asilimia 1, na sheria hiyo ilipitishwa 2025 na chama kinachojisifu kwa kupunguza kodi. (Kijana wangu hutuma moja kwa moja kutoka akaunti ya benki, na hiyo haiguswi. Mwambie wako afanye vivyo hivyo.) Upande wa Democratic niliandika FATCA, sheria ya 2010 inayotaka benki za nje ziripoti akaunti za raia wa Marekani. Kwa sababu yake, benki moja hapa mjini ilinikalisha asubuhi nzima nikijaza fomu kama mshukiwa.

Yako mengine niliyoyaandika katikati, yakagusa pande zote. Sheria ya upelelezi ya Patriot Act ilipita Seneti 2001 kwa kura 98 dhidi ya 1. Deni la taifa lilikuwa kama dola trilioni 20 Trump alipoingia 2017, karibu trilioni 28 alipotoka, na zaidi ya trilioni 36 Biden alipoondoka. Hapo nani amkemee mwenzake?

Nikiri pia kwamba kura yangu ya kwanza, 2008, nilimpa Obama, na niliipiga nikilia. Mama alikuwa Siaya, simu ilijaa vigelegele, na hapa Kenya ikatangazwa sikukuu. Ningekosaje? Halafu Mei 2011, vipengele vya Patriot Act vikikaribia kuisha muda, yeye akiwa safarini Ufaransa, sahihi yake ikawekwa na mashine ili upelelezi usikatike hata usiku mmoja. Nilisoma habari hiyo nikila chakula cha mchana, nikaacha kula. Mjomba aliposikia nimeanza kumlalamikia aliniuliza, "Binti yangu, unamtupa mtoto wetu?" Sikumjibu. Mjomba hajibiwi.

Baada ya hasira, lijue jimbo lako, yaani pale ulipoishi mwisho kabla ya kuondoka. Mimi ni Minnesota, kaunti ya Hennepin. Minnesota mpiga kura hajisajili kwa chama, kwa hiyo sina pa kujiondoa. (Afadhali kuliko hapa kwetu, ambapo 2021 watu kibao waliangalia mtandaoni wakakuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvikaribia.) Na ni jimbo ambalo 1998 lilimchagua mwanamieleka, Jesse Ventura, kuwa gavana kwa tiketi ya chama cha tatu. Nilifika 2000 nikamkuta ofisini. Nilidhani Marekani yote iko hivyo.

Haiko hivyo. Ross Perot, mgombea urais asiye na chama, alipata karibu asilimia 19 ya kura mwaka 1992, na katika zile kura 538 za majimbo zinazoamua rais hakuambulia hata moja. Chama cha Libertarian, cha wanaotaka serikali ndogo kama mimi, kipo tangu 1971, na mwaka wake bora ni 2016, mgombea wake wa urais Gary Johnson alipopata zaidi ya asilimia 3. Mimi ni mmoja wa hao. Minnesota peke yake tulikuwa zaidi ya 110,000, na Hillary Clinton wa Democratic alimshinda Trump pale kwa kura kama 45,000 tu. Shemeji yangu alinipigia saa tisa usiku: "Nusura mtuue!" Nilimwambia wengi wetu tungebaki nyumbani kama Johnson hangekuwepo. Ni kweli, lakini hesabu hiyo ilinikaa kooni, na ndiyo iliyonipa kanuni ninayotumia.

Kanuni yenyewe: angalia matokeo ya uchaguzi uliopita kwa kila kiti. Pengo likizidi asilimia 10, piga kura ya moyo wako, hakuna utakayemharibia. Likiwa chini ya 2, rudi kwenye ule ukurasa uhesabu dhambi. Wakilingana, acha kiti hicho wazi. Karatasi haiharibiki kwa kuacha nafasi moja tupu, viti vingine vinahesabiwa kama kawaida. Watu wengi hawalijui hili, wanamchagua mtu wasiyemtaka kwa kuogopa kuharibu kura. Ukitaka kuandika kwa mkono jina la mtu asiyekuwa kwenye karatasi, Minnesota huhesabu tu majina ya walioomba mapema kuhesabiwa. Usimwandike mama yako.

Sasa fomu. Inaitwa Federal Post Card Application, ipo fvap.gov, na unaijaza kila mwaka wa uchaguzi. Jaza Januari. Kuna swali kama utarudi Marekani au hujui. Nilijibu sijui, kwa hiyo Minnesota hunipa viti vya kitaifa tu: rais, Seneti na Bunge. Nilipoteza kura ya meya, nayo iliniuma, maana Minneapolis meya huchaguliwa kwa kupanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. 2013 walikuwa wagombea 35, nikapanga watatu niliowataka bila kumwogopa mtu.

Omba karatasi ije kwa barua pepe. Lazima itumwe siku 45 kabla, kwa hiyo kwa uchaguzi wa Novemba 3, 2026 tazama barua pepe Septemba 19. Isipofika, tumia ile ya akiba, Federal Write-In Absentee Ballot, uandike majina mwenyewe.

Kuja inakuja kwa barua pepe, kurudi Minnesota inataka karatasi yenyewe, na iwe imefika siku ya uchaguzi. Hapo ndipo nilipoangukia 2022. Niliituma wiki mbili kabla kwa kampuni ya vifurushi iliyoniapia siku tano. Ilifika, uchaguzi umeshapita. Siku hizi nachapisha kwa kijana wa saiba, naweka kura kwenye bahasha ya siri, hiyo naitia ndani ya bahasha ya sahihi, na sahihi iwe ileile ya fomu, usijaribu mbwembwe mpya. Ukiwa na mtu anayekwenda Nairobi, ubalozi pale Gigiri hupokea kura na kuisafirisha bure, lakini ni wiki kadhaa. Mimi humpa mpwa wangu mwisho wa Septemba, kabla stima na mvua hazijaanza visingizio.

2024 nilimpa Chase Oliver wa Libertarian kiti cha rais, nikaacha kimoja wazi. Kijana wa saiba alitazama ile karatasi ikitoka kwenye printa akaniuliza kama ailamineti, isilowe. Nikamwambia akate kingo tu.

Wiki ya pili ya Oktoba nilifungua ukurasa wa kufuatilia kura kwenye simu, mteja akiwa bado kitini. Iliandikwa imepokelewa. Zilikuwa zimebaki laini nne kichwani mwake, na alikuwa ameanza kulalamika shingo.