Breki inashika na haiachii: jua tatizo kabla ya kununua kalipa

Gari linakuwa zito, linavuta upande mmoja, na harufu ya kuungua inatoka kwenye tairi. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha pedi. Pedi imeungua kwa sababu breki haikuachia. Ukifunga mpya bila kujua kinachoshika, nayo itaungua. Unachotafuta ni kimoja kati ya viwili: presha ya oili ya breki iliyonaswa, au chuma kilichoganda.

1. Tafuta tairi linaloshika. Endesha kilomita chache ukigusa breki kwa nadra, kisha liache gari lisimame lenyewe. Pitisha kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa, maana diski iliyoshika inaunguza vibaya. Likiwa moja tu lina moto, baki hapo. Yakiwa yote manne, angalia pedali na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali). Yakiwa ya nyuma tu, anza na waya wa hendibreki, hasa magari ya pwani: chumvi huuozesha ndani ya ganda lake.

2. Inua gari. Zuia matairi mengine kwa mawe, weka stendi (jeki peke yake haitoshi kabisa), gia huru, hendibreki chini. Mwenzako akanyage breki mara kadhaa kisha aachie. Zungusha tairi. Mkwaruzo mwepesi ni kawaida. Likigoma, usibadilishe chochote. Nenda hatua ya tatu likiwa bado limeshika.

3. Fungua skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski). Vaa miwani, chomeka mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa, legeza kidogo. Hapa ndipo ukweli unapotoka. Oili ikiruka kwa nguvu na tairi likaachia papo hapo, presha ilinaswa. Ikichuruzika tu na tairi bado gumu, ni chuma.

4. Kama ni presha, funga skrubu, kanyaga breki ili tairi lishike tena, kisha legeza pale mpira wa breki unapoungana na bomba la chuma. Likiachia, mpira ni mzima na kosa liko juu: masta silinda, au fimbo ya pedali isiyo na nafasi ya kurudi. Lisipoachia, mpira umevimba ndani. Mguu una nguvu ya kuipitisha oili kwenda, lakini hakuna nguvu ya kuirudisha. Kwa nje mpira unaweza kuonekana mpya kabisa, ndiyo maana mafundi wengi huupita. Badilisha kushoto na kulia kwa pamoja.

5. Kama ni chuma, vua kalipa. Pini zake ziteleze kwa mkono. Zikigoma, safisha na upake grisi ya breki, kwani grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Zikiwa safi, rudisha pistoni polepole kwa klampu, skrubu ikiwa wazi. Ikikataa, au ukiona kutu chini ya buti (mpira unaofunika pistoni), hapo sasa kalipa inahitaji ukarabati au mpya.

Ukishafungua mfumo lazima utoe upepo. Tumia oili mpya ya breki, ya namba ya DOT (daraja la oili) iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa ya oili ya breki ya gari, si ya kopo lililokaa wazi, maana hunyonya unyevu. Oili ya injini usiiweke hata tone. Pedali ikiwa ngumu, rudia kukanyaga na kuzungusha kabla ya kushusha gari.